Tangawizi hutuliza koo la mtoto, lakini hailindi moyo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu. Wiki mbili zilizopita mlichapisha maelezo ya msomaji mmoja kuhusu dawa ya tonsesi: tangawizi mbichi, asali na limao. Alieleza vizuri namna ya kuichemsha. Kisha akamalizia kwa kuwashauri wazazi wasihangaike kuwapeleka watoto zahanati kuchomwa sindano, kwa kuwa dawa hiyo inaumaliza ugonjwa wote ndani ya siku tatu au nne. Nilisoma mara mbili, nikaukunja ukurasa ule nikauweka ndani ya Biblia yangu, na usingizi ukanipaa.

Mimi ni mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, wilaya ya Same, na ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka 31 nilifundisha sayansi shule ya msingi, na hakuna hata mwaka mmoja nilioacha kulima. Huku kwetu milimani tangawizi inakaa ardhini miezi minane hadi kumi, inanyweshwa kwa maji ya mfereji yanayotoka kwenye ndiva, yaani bwawa letu la jadi, na kila nyumba ina zamu yake. Ada yangu ya chuo cha ualimu ililipwa kwa tangawizi ya mama. Mabati ya nyumba ninamoandikia barua hii yamenunuliwa kwa tangawizi. Mwaka 2020, wakati wa korona, wanunuzi walitufuata hadi shambani, wakang'oa hata ambayo haijakomaa. Nayasema haya asije mtu akadhani nataka kuuchafua mmea huu. Naujua, naupenda, na ndio unaonilisha.

Na dawa ile naijua vilevile. Mama alikuwa akichimbua kipande cha urefu wa kidole gumba, anakiparua ngozi kwa ncha ya kijiko, anakitwanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu swaumu, anakitia kwenye sufuria yenye vikombe viwili vya maji. Akiona maji yamebaki kikombe kimoja na nusu, anaepua na kufunika kwa kisahani. Asali haikuwekwa motoni. Alisubiri maji yapoe hadi kidole kivumilie, ndipo anatia vijiko viwili vya asali ya nyuki wadogo na kukamulia nusu limao. Tulikunywa funda moja moja tumejifunika khanga, mama amekaa pembeni anatuangalia koo linavyopanda na kushuka. Utotoni sikupewa dawa nyingine ya koo, na wanangu wote wanne niliwanywesha hiyo hiyo.

Inatuliza kweli, na sababu zake zinajulikana. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli, inayoamsha mishipa ya fahamu mahali pale pale panapoamshwa na ukali wa pilipili. Koo linawaka kidogo, mate yanajaa, kisha ukavu na mikwaruzo inapungua. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi, ndiyo maana unga wake unachoma kuliko mbichi. Joto la kinywaji nalo lina kazi yake. Mwaka 2008 watafiti wa Cardiff walijaribu kwa watu 30 wenye mafua kinywaji kile kile cha matunda, kikiwa cha moto na kikiwa cha joto la kawaida la chumbani. Cha moto kilituliza koo papo hapo, kikaondoa na baridi mwilini na uchovu. Cha kawaida kilisaidia kikohozi, chafya na makamasi tu, koo hakikulifikia. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama na kile kisahani chake.

Asali ndiyo iliyopimwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Calabar, Nigeria, wakiongozwa na Olabisi Oduwole, walikusanya majaribio sita yenye watoto 899 wenye kikohozi, wakaona kwamba waliopewa asali walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Ila hapa nina neno zito kwa kina mama wanaonyonyesha: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo letu sisi wakubwa linazimudu, lakini utumbo wa mtoto mchanga zinaota ndani yake, na sumu yake inalegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Maelezo mliyoyachapisha yalisema asali inafaa watoto wa rika zote.

Kuhusu tangawizi na vijidudu, upo utafiti wa Taiwan wa mwaka 2013 ulioonyesha kwamba maji ya tangawizi mbichi yalikizuia kirusi kimoja cha njia ya hewa kisishambulie seli za binadamu, na kwamba ya tangawizi kavu hayakuweza. Nilifurahi sana. Lakini seli zile zilikuwa kwenye vyombo vya maabara, zimelowekwa ndani ya dawa kwa saa nyingi. Funda la mtoto linapita kooni sekunde moja, likaenda tumboni.

Sasa nije kwa mwanangu. Ni kitinda mimba wangu, ameniruhusu niandike haya, na jina lake nalihifadhi.

Mwaka 2010 alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Alirudi shuleni mchana akalala bila kula, mwili unachemka. Jioni akasema mate hayamezeki. Nilimwambia apanue kinywa pale mlangoni penye mwanga. Mafindofindo yalikuwa mekundu kama nyanya, yamevimba hadi yanakaribia kugusana, na juu yake kuna madoa meupe kama utando wa maziwa. Hakuwa na mafua. Hakukohoa hata mara moja. Chini ya taya, pande zote mbili, nilishika tezi za ukubwa wa harage, na nilipozigusa akalia. Picha hiyo ninayo hadi leo, kwa sababu baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kila kimoja nilichokiona jioni ile kilikuwa kinazungumza na mimi, nami nilikuwa sijui lugha yake.

Nikachemsha tangawizi. Siku ya pili akaweza kumeza uji. Siku ya nne alikuwa uwanjani anaruka kamba, nami nikamwita jirani yangu ukutani nikamwambia, "Mama wee, dawa za wazee wetu acha kabisa!"

Wiki ya tatu aliamka goti limevimba, lina joto, hawezi kulikanyagia mguu. Nilidhani ameanguka shuleni akanificha. Baada ya siku mbili goti likanywea, kikavimba kifundo cha mguu wa pili. Tulikwenda zahanati. Tukapewa vidonge vya maumivu, tukaambiwa ni mifupa inakua. Hakuna aliyeuliza kama koo lilimuuma siku za karibuni, na mimi mwalimu wa sayansi sikukumbuka kulisema, kwa sababu kichwani mwangu koo lilishapona na lilishakuwa habari ya zamani. Nilimkanda kwa tangawizi na mafuta ya nazi. Uvimbe ukaisha. Miaka iliyofuata koo lilimuuma mara tatu nne nyingine kwa namna ile ile, na kila mara nilichemsha sufuria yangu.

Mwaka 2017, akiwa kidato cha tatu, tulikuwa tunateremsha magunia barabarani. Yeye alibeba ndoo ndogo tu. Njiani akaketi kwenye jiwe, anahema kama aliyekimbia, midomo imebadilika rangi. Siku zile alikuwa ameanza kulala ameegemea ukuta, akisema akilala chali anakosa pumzi, nami nilidhani ni pumu. Hospitali ya rufaa Moshi walimpima moyo kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti wanachokiita eko. Mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, ulikuwa umekakamaa na unavuja. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, aliniuliza kwa upole, "Mama, utotoni aliwahi kuumwa koo, halafu maungio yakavimba kwa kuhamahama?" Nilishindwa kumjibu. Mwanangu ndiye aliyejibu, "Ndiyo, goti, halafu mguu huu."

Agosti 2018 alipasuliwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akawekewa mlango wa bandia. Sina maneno ya kuwashukuru waliomhudumia pale. Tulikaa wiki tano, na kwenye wodi ile ya vijana nilikutana na kina mama kutoka Sumbawanga, Newala, Shinyanga, kila mmoja na mtoto wake, na karibu kila mmoja ana goti lake la kusimulia.

Alichonifundisha daktari yule wa Moshi ndicho ninachotaka kila mzazi akijue. Koo nyingi zinazouma zinatokana na virusi, nazo zinaisha zenyewe. Lakini kwa watoto, hasa kati ya miaka mitano na kumi na mitano, karibu koo moja kati ya manne lina bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Mwili unatengeneza kinga ya kupambana naye. Shida ni kwamba sehemu za bakteria huyo zinafanana na nyama za moyo na za maungio, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hiyo, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungio yanapona yasiache alama. Milango ya moyo inabaki na makovu, na kila koo jipya la bakteria yule linaweza kuongeza kovu juu ya kovu. Mwaka 2015 ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 33 duniani wanaishi na moyo wa namna hii, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Mei 2018, miezi mitatu kabla mwanangu hajapasuliwa, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio Geneva kwamba ugonjwa huu uzuiwe. Na wa kuuzuia wa kwanza kabisa ni mzazi anayechungulia koo la mtoto mlangoni jioni.

Najua nitaulizwa: mbona sisi sote tulipona kwa tangawizi? Nitajibu kama nilivyokuwa nikifundisha darasani. Watoto wote niliowafundisha waliotesha maharage kwenye makopo. Makopo mawili, udongo mmoja, maji sawasawa, moja linakaa dirishani na jingine linafungiwa kabatini. Ukiwa na kopo moja tu, huwezi kusema ni jua lililoyastawisha au ni maji. Koo ndivyo lilivyo. Katika majaribio ambayo wagonjwa wengine hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria, zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa wamepona koo ndani ya wiki moja. Yaani hata usipochemsha kitu, siku ya nne mtoto wako ana nafasi kubwa ya kuwa uwanjani anaruka kamba. Mama yangu alikuwa na kopo moja. Mimi nilikuwa na kopo moja. Kila koo nililichemshia tangawizi, kila koo likapona, na sikuwahi kuwa na hata koo moja la kulinganishia.

Pensilini ilipimwa kwa makopo mawili. Katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, madaktari waliwagawa askari wenye koo la streptokokasi. Waliopewa pensilini walikuwa 798, wasiopewa walikuwa 804. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Kati ya wasiopewa, 17 walipata homa ya baridi yabisi. Kati ya waliopewa, wawili. Leo hakuna daktari ambaye angeruhusiwa kuwanyima watu dawa kwa jaribio kama lile, kwa kuwa jibu limeshajulikana, na limelipiwa na wale 17. Tangawizi haina jaribio kama hilo. Hakuna popote palipoonyeshwa kwamba inazuia homa ya baridi yabisi, wala asali, wala limao, wala maji ya chumvi. Na pamoja na miaka yote hii ya watu kutumia antibiotiki ovyo, streptokokasi wa kundi A bado hajajifunza kuikwepa pensilini. Sindano moja ya benzathini, aina ya pensilini, inatosha, au vidonge vya siku kumi kamili bila kukatisha hata kama mtoto ameshaanza kucheza. Jambo jingine alilonieleza daktari ndilo lililoniumiza zaidi: dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inaukinga moyo. Siku tisa! Mimi nilikuwa nazo zote, na siku ya nne nilikuwa nasherehekea.

Tangawizi haikumdhuru mwanangu. Ilimpunguzia maumivu, akaweza kumeza uji, akalala usiku. Kosa lilikuwa langu la kuamini kwamba maumivu yakiondoka ugonjwa nao umeondoka. Msomaji wenu aliyeandika yale maelezo naamini ana nia njema, na huenda amelea watoto sita na hakuna aliyepatwa na kitu. Wengi hawapatwi. Lakini ushauri wa kuacha zahanati ukisomwa na watu elfu kadhaa, upo mlango mmoja ambako ushauri huo utabisha hodi na kukuta mtoto kama wangu.

Nisieleweke vibaya upande wa pili. Sisemi kila koo likimbiziwe antibiotiki. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi, sauti iliyokauka na macho mekundu, huyo karibu hakika ana virusi, na hapo sufuria ya tangawizi ndiyo tiba bora kuliko vidonge vya rangi mbili ambavyo watu wananunua viwili vitatu duka la dawa na kuvigawana nyumba nzima. Vidonge hivyo haviui virusi. Watu wanaohangaika na koo la mafua kwa antibiotiki na watu wanaotuliza koo la bakteria kwa tangawizi wamebadilishana dawa. Dalili za kuangalia ni nne, nami nazirudia kama nilivyofundishwa: homa kali iliyoanza ghafla; koo linauma lakini hakuna kikohozi wala mafua; tezi za shingoni zimevimba na zikiguswa zinauma; mafindofindo ni mekundu, yamevimba au yana madoa meupe. Ukiona hizi kwa mtoto wa shule, mchemshie usiku alale, na asubuhi mpeleke akaangaliwe. Anayetoa udenda kwa kushindwa kumeza mate, anayepumua kwa shida au ambaye shingo imevimba upande mmoja, huyo asisubiri asubuhi.

Na kwa kuwa nimegusa koo, sitaacha kusema juu ya kimio, yaani kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Bado wapo wanaowapeleka watoto, hata wachanga, kukatwa kidakatonge wakiamini ndicho kinacholeta kikohozi na koo. Nimeona mtoto aliyeletwa akitoka damu mdomoni, amefungwa kwenye khanga ya mama yake, ilikuwa imelowa hadi kifuani. Kile ni kiungo alichoumbwa nacho, kinazuia chakula kisipande puani. Kukikata hakuondoi bakteria hata mmoja, na wembe unaweza kuingiza wengine. Tangawizi walau haimwagi damu ya mtu.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Moshi. Kwa kuwa mlango wa moyo ni wa bandia, anameza kila siku dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi anapimwa damu kuona kama imekuwa nyepesi mno au nzito mno. Daktari alituomba tusimpe mitishamba ya aina yoyote kwa wingi bila kumweleza kwanza, tangawizi ikiwemo, kwa hiyo mtoto wa mkulima wa tangawizi anapokuja likizo ninampimia kipande kidogo kwenye chai, basi. Anachomwa sindano ya benzathini kila baada ya wiki nne, na ataendelea hadi atakapofika miaka 40 angalau. Sindano ile ile ambayo moja tu ingetosha mwaka 2010. Ana mchumba. Akitaka kuzaa itabidi madaktari wakae naye mapema wapange, kwa sababu dawa anayomeza inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na akiiacha inamhatarisha yeye. Aliponieleza hilo alinishika mkono akaniambia, "Mama, usilie, hukujua." Sasa najua, Mhariri, ndiyo sababu nimeandika.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa watafiti wetu. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, kazi iliyoanza kama kitengo cha utafiti tangu mwaka 1974. Mabibi na mabwana, tupimieni dawa hii kwa makopo mawili. Wachukueni watoto wenye koo la virusi, nusu wapewe tangawizi na asali, nusu wapewe maji ya moto matupu, tujue inapunguza maumivu kwa saa ngapi na kwa kiasi gani. Tangawizi nitaitoa mimi na wenzangu, bure, magunia mtakayotaka. Sitaki mmea wetu usifiwe kwa maneno makubwa ya uongo wakati huenda una sifa ndogo ya kweli ambayo hakuna aliyejishughulisha kuipima.

La pili ni kwako. Mkichapisha tena dawa ya koo, ya tangawizi au ya mti mwingine wowote, muulizeni mwandishi imejaribiwa kwa kina nani, ikalinganishwa na nini. Na zile dalili nne mziweke juu ya maelezo ya kuchemsha, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Mimi nimeshaanza. Nimeziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, juu ya mzani tunapopimia tangawizi, pamoja na maneno "siku tisa". Wanunuzi wanaotoka mjini husubiri pale nusu saa nzima magunia yakipimwa. Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori alisimama akaisoma yote, akaipiga picha kwa simu, akatoka nje kumpigia mke wake.

Wako katika kuelimisha,
Mama Eliamani,
Mamba Miamba, Same